Barua ya wazi: Kitabu cha silikanti kiko wapi?

Kwa Waheshimiwa Wakuu wenye dhamana ya uchapishaji, maktaba na ununuzi wa vitabu vya umma,

KUH: UKOSEFU WA VITABU VYA SAYANSI NA VIUMBE KWA KISWAHILI KWA WASOMAJI WATU WAZIMA

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima zote. Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Barua zangu tatu zilizotangulia zilipita njia iliyo sahihi. Ya kwanza niliipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri wa mapokezi. Ya pili niliituma kwa posta. Ya tatu niliifuata mwenyewe hadi Dar es Salaam, nikakaa kwenye benchi la masjala tangu saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, nikaambiwa suala langu linafanyiwa kazi. Huu ni mwaka wa tatu na sijapata jibu la maandishi hata la mstari mmoja. Ndiyo maana leo naandika hadharani. Simtaji mtumishi yeyote, kwa sababu walionipokea walinipokea kwa adabu na sina ugomvi nao.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nimefundisha Sayansi kwa miaka 34. Tangu nistaafu nimeweka rafu ya vitabu barazani kwangu hapa Tanga, na watu wa mtaa huja kuazima: mafundi, mama lishe, vijana wa bodaboda, wavuvi wanaotoka mnadani. Riwaya zinatoka na kurudi zikiwa zimechakaa kwa kusomwa. Vitabu vya dini navyo vinatoka. Ila kuna kundi la maswali ambalo kila nikiulizwa naishia kukuna kichwa, na swali lililonifanya nishike kalamu liliulizwa na mzee mmoja mvuvi wa Kigombe.

Mzee huyu amefanya kazi ya jarife, wavu wa kuvulia papa, tangu ujana wake. Alikuja jioni moja, akakataa kahawa, akaniuliza akiwa bado amesimama: "Mwalimu, wanatuambia silikanti tusimguse, ni samaki wa kale kuliko kitu chochote. Mimi nimemtoa kwenye wavu kwa mikono yangu hii. Nataka nisome habari zake mwenyewe, nisisimuliwe kwenye semina. Kitabu chake kiko wapi?"

Nilikuwa na kitabu kimoja tu chenye habari za samaki huyo, kinene, cha Kiingereza. Nikamketisha, nikamtafsiria kwa mdomo jioni tatu mfululizo. Nilimweleza jinsi ilivyokuwa Desemba 1938, wakati Marjorie Courtenay-Latimer, msichana aliyekuwa akisimamia makumbusho madogo ya East London kule Afrika Kusini, alipoitwa bandarini kutazama samaki waliovuliwa, akamkuta mmoja wa rangi ya buluu mwenye mapezi yaliyokaa kama mikono. Wataalamu wote wakati huo waliamini ukoo wa samaki huyo ulikwisha pamoja na mijusi wakubwa wa kale, miaka milioni 66 iliyopita. Walikuwa wakiujua kwa alama zilizobaki kwenye mawe ya kale tu. Ilichukua miaka 14 kumpata wa pili, mwaka 1952, huko Komoro. Na Wakomoro muda wote huo walikuwa wakimjua kwa jina la gombessa, tena hawakumthamini kwa sababu nyama yake ni ya mafuta mabaya.

Hapo mzee alicheka. "Sawasawa," akasema. "Mafuta matupu."

Nikamweleza kwamba mchana silikanti hukaa mapangoni, kwenye kina cha mita mia moja na zaidi, na usiku hutoka kuwinda. Kwamba hatagi, anazaa. Kisha nikamwongezea jambo nililolisoma baadaye: mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa waliochunguza magamba yake walieleza kwamba anaweza kuishi karibu miaka 100, kwamba hachelewi kidogo kuzaa bali huanza akiwa na umri wa miaka 50 na ushei, na kwamba mimba yake huchukua yapata miaka mitano.

Mzee akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema: "Basi yule wangu huenda alizaliwa kabla ya baba yangu. Na kama alikuwa na mimba?" Akaongeza kwa sauti ya chini: "Hili mngetuambia mapema."

Waheshimiwa, maneno hayo sijaweza kuyatoa kichwani. Tangu mwaka 2003 samaki hawa walianza kunaswa katika pwani yetu, na hapa Tanga walinaswa wengi kwa muda mfupi kwenye majarife ya papa yaliyotegwa kina kirefu. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao. Sheria ya kuwalinda inawahusu wavuvi kuliko mtu mwingine yeyote, lakini maelezo ya kwa nini walindwe yameandikwa kwa lugha ambayo wavuvi hawaisomi. Mzee wangu aliijua sheria kwa miaka mingi. Sababu ya sheria aliipata barazani kwangu, kwa bahati tu.

Sasa naziweka hoja zangu kwa namba, kama nilivyoziweka katika barua zilizotangulia.

1. Kitabu cha kiada si mbadala wa ninachokililia.

Kila nilipoeleza shida hii nilijibiwa kwamba vitabu vya sayansi kwa Kiswahili vipo tele shuleni. Vipo, nimevifundisha. Kitabu cha kiada kinamwandaa mtoto kwa mtihani: taja sehemu tatu za mdudu, eleza faida nne za misitu. Kazi hiyo ni ya lazima na siidharau. Lakini mtu wa miaka arobaini aliyemaliza darasa la saba, anayelima mihogo na ana akili yake timamu, hatakaa chini ya mwembe Jumapili kusoma faida nne za misitu. Huyu anataka asimuliwe. Anataka kujua kwa nini mchwa wanajenga kichuguu kirefu kuliko mtu, na mhandisi wao ni nani. Anataka kitabu kinachomchukulia kama mtu mzima, kinachosema "hili linajulikana, na hili bado wanabishana." Kwa Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa vitabu vya namna hiyo vina sehemu yake dukani. Katika maduka niliyopita Tanga, Dar es Salaam na Morogoro, nilioneshwa vitabu vya kiada, hadithi za watoto kuhusu sungura na fisi, na vijitabu vya miradi.

2. Habari za viumbe vyetu zilitoka, hazikurudi.

Nitataja mkoa wangu peke yake. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani aliyekuwa hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota ua dogo la zambarau linalomea kwenye miamba yenye kivuli huku kwetu na Usambara, akalipeleka Ujerumani kwa baba yake. Mwaka uliofuata likapewa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Leo ua hilo linauzwa kwenye vyungu madirishani karibu dunia nzima, na wakulima wa maua wamelizalisha kwa rangi zisizohesabika. Nendeni Muheza mkaulize watu kumi kama wanajua ua hilo ni lao. Huko porini lenyewe linatoweka pale msitu unaolipa kivuli unapokatwa, na anayekata hajawahi kuambiwa.

Lushoto, shule ya Magamba, mwaka 1963, kijana Erasto Mpemba wa kidato cha tatu alikuwa na wenzake wakitengeneza aiskrimu. Nafasi ya friji ilikuwa haba, akaingiza maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, akaambiwa amechanganya mambo. Hakuacha kuuliza. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Wanafunzi wakamcheka, lakini mgeni yule akaenda kujaribu mwenyewe. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanafizikia mpaka leo wanavutana kuhusu chanzo chake, na hata kuhusu lini hasa jambo hilo hutokea, na jina wanalolitumia ni la Mpemba. Nimewasimulia kisa hiki vijana wa bodaboda barazani kwangu. Mmoja aliniuliza kama nimekitunga.

Silikanti, ua la Usambara, swali la Mpemba: mambo matatu ya mkoa mmoja, yote yanasomwa na wageni.

Na mkiniruhusu nitoke Tanga kidogo, tuna mjusi wa Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 zaidi ya tani mia mbili za mifupa zilichimbwa kule Lindi na kusafirishwa Berlin, na mmoja wa mijusi hao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Watu wetu wamedai arudishwe, na mjadala huo nimeusikia mpaka vijiweni. Lakini aliyebeba mifupa ile kichwani hadi bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa kwa miguu, ni nani? Msimamizi wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, ambaye Wajerumani wenyewe waliandika jinsi alivyokuwa na jicho na mkono wa kazi hiyo, Watanzania wangapi wanamjua? Tunadai mifupa. Hata masimulizi yake, ambayo hayahitaji meli wala mkataba, bado hatujayachukua.

3. Penye pengo la kitabu hujaa dhihaka, na mfano wake ni vyura wa Kihansi.

Hapa naomba mnivumilie. Karibu kila Mtanzania wa rika langu amesikia kuhusu vyura wa Kihansi. Amesikia kwamba walipelekwa Marekani, kwamba walitumia fedha, kwamba ni kichekesho. Mimi mwenyewe niliwahi kucheka pamoja na wenzangu kwenye ofisi ya walimu. Leo najuta, maana nilikuwa nacheka kitu nisichokijua.

Kisa chenyewe ni hiki. Kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa, mto Kihansi unaporomoka kwenye korongo, na chini ya maporomoko kulikuwa na mahali panapopata manyunyu mchana na usiku, kama hekta mbili tu. Hekta mbili ni karibu viwanja vitatu vya mpira. Hapo, mwaka 1996, wakati mradi wa umeme umeshaanza kujengwa, wataalamu walikuta vyura wadogo wa rangi ya manjano, wa sentimita mbili hadi tatu, ambao hawajawahi kuonekana popote pengine duniani. Walikuwa maelfu. Jike wao hatagi mayai majini kama vyura wengine. Huzaa vitoto ambavyo tayari ni vyura kamili, bila kupita hatua ya kiluwiluwi.

Kituo cha umeme cha megawati 180 kilipoanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakafifia. Taifa lilihitaji umeme, na hilo silipingi. Hata taa iliyonisomesha mimi na wanangu ni ya umeme wa maji. Ikabidi yawekwe mabomba ya kunyunyiza maji kule korongoni. Vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani kama akiba. Kisha mwaka 2003 waliobaki wakaanza kupukutika, na miongoni mwao ulikutwa ugonjwa wa kuvu wa ngozi, ule ule uliomaliza vyura katika mabara mengi. Chura hunywa na kupumua kwa ngozi, kwa hiyo ngozi ikiharibika ndiyo mwisho wake. Mwaka 2009 wakatangazwa kwamba porini hawapo tena. Wale wa akiba, waliolelewa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo kwenye masanduku ya vioo yenye mvua ya kutengenezwa, ndio waliookoa kizazi: mwaka 2010 vyura 100 walirudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao.

Ni mara chache sana duniani chura aliyekwisha porini kurudishwa nyumbani. Watanzania walishiriki kazi hiyo mwanzo hadi mwisho: walinzi wa korongo, wataalamu wa maabara, mafundi wa mabomba. Tungekuwa na kitabu cha kurasa 120 kinachosimulia haya kwa Kiswahili, chenye picha na ramani, kikauzwa kwa bei ya kilo mbili za sukari, mtu angeweza kukisoma kisha akaendelea kusema fedha zile zingefaa kujenga zahanati. Hiyo ni haki yake, na ni hoja ya kujadiliwa. Lakini angesema akiwa anajua.

4. Kutokujua kunaumiza mwili.

Jirani yangu kijana aling'atwa na kifutu akiwa anakata majani ya ng'ombe. Waliomsaidia walifanya kila walichorithi: wakamfunga mpira wa baiskeli juu ya goti kwa nguvu, wakamchanja kwa wembe, wakambandika jiwe la nyoka. Walifanya kwa upendo, na wote walikuwa wanalia. Alifikishwa hospitali baada ya saa nyingi akiwa bado amefungwa. Mguu ulikatwa. Sumu ya kifutu huozesha nyama pale pale ilipoingia. Ukiifungia mahali pamoja kwa mpira unaozuia damu, unazidisha madhara, na kuchanja hakuitoi. Inatakiwa mgonjwa atulizwe, kiungo kisichezeshwe, avuliwe pete na viatu vya kubana, akimbizwe hospitali. Maneno hayo yanaenea ukurasa mmoja. Lakini ukurasa peke yake hausadikiki mbele ya jiwe la nyoka lililoaminiwa na babu. Kinachosadikika ni kitabu kinachomjua kifutu, swila na koboko, kinachoeleza kwa nini kifutu hakimbii unapomkaribia na kwa nini nyoka wengi tunaowaua shambani hawana sumu ya kumdhuru mtu na kazi yao ni kula panya wanaotumalizia mahindi.

5. Vichache vilivyopo havijaandikwa kwa ajili ya msomaji.

Nimevisoma vijitabu vya miradi. Huzinduliwa hotelini, hugawiwa kwa waliohudhuria, na mradi ukiisha navyo vimekwisha. Kiswahili chake ni kigumu kama cha tangazo la zabuni. Kimoja nilichonacho kinasema "bioanuwai" mara saba kwenye ukurasa wa kwanza bila kumtaja ndege hata mmoja kwa jina lake.

Waheshimiwa, nimeshajibiwa kwa mdomo mara kadhaa, kwa hiyo nazijua sababu zinazotolewa. Naomba nizipitie.

Inasemwa kwamba Watanzania hawasomi. Mwaka 1973 nilikuwa kijana wa miaka 15. Baba yangu, mkata mkonge, aliongoza kikundi cha kampeni ya Mtu ni Afya. Jioni walikusanyika kwetu kusikiliza redio, kisha kijitabu kikasomwa kwa sauti kwa mwanga wa koroboi, malaria leo, kichocho kesho, halafu wakabishana mpaka usiku. Watu karibu milioni mbili nchini walishiriki vikundi vile. Baba alichimba choo wiki ile ile waliyosoma habari za minyoo. Wengi wao ndio kwanza walikuwa wamejifunza kusoma! Iweje wajukuu wao, walioenda shule, ndio waitwe wasiosoma? Wapeni kitu cha kusoma kwanza.

Inasemwa kwamba Kiswahili hakina istilahi. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Lakini mimi nina jibu jingine ninalolipenda zaidi. Mvuvi yeyote wa pwani anajua bamvua na maji mafu. Anajua kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana, na mwezi ukiwa nusu, maji hulegea. Kilichobaki kumwambia ni kwamba siku za bamvua, jua na mwezi vimekaa kwenye mstari mmoja na dunia, vikaivuta bahari kwa pamoja. Na siku za maji mafu, vimekaa kwa pembe ya mraba, kila kimoja kinavuta kwake. Kutoka hapo unaweza kumpeleka hadi kwenye habari kwamba mwezi wenyewe unatuacha polepole, karibu sentimita nne kila mwaka, kwa sababu ya mivuto hiyo hiyo ya maji. Hayo yote nimeyasema kwa maneno ya pwani. Kaskazi na kusi, mwamba na mkondo, dema na jarife: lugha iliyoongoza majahazi hadi Uarabuni na kurudi haiwezi kushindwa kueleza mwezi.

Inasemwa kwamba waandishi hawapo. Wapo wa aina mbili ambao hawajakutanishwa. Wapo wataalamu wa viumbe, misitu na bahari katika vyuo vyetu, wanaojua mengi na wanaandika kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo wanavyopandishwa vyeo. Na wapo watunzi wa Kiswahili wanaojua kumshika msomaji asiweke kitabu chini. Waketisheni meza moja, mmoja atoe ukweli na mwingine auandike.

Kuhusu fedha, sitabisha sana. Mnajua bajeti kuliko mimi. Nasema tu kwamba mchapishaji akihakikishiwa nakala za kwanza zitanunuliwa, bei ya kila nakala hushuka, na hatari inayomfanya aogope huondoka. Na wanaosema "siku hizi intaneti ipo" waje barazani waone bando la mama lishe linavyokwisha kabla ukurasa wa Kiingereza haujafunguka.

Kuna jibu jingine, ambalo lilinisikitisha. Mtumishi mmoja aliniambia, kwa nia njema, kwamba sayansi ni mambo ya sekondari na kuendelea, na huko lugha ni Kiingereza. Nilimuuliza: kipunji aliyegunduliwa na wanasayansi mwaka 2003, akatangazwa duniani mwaka 2005 kama tumbili mpya, alipatikanaje? Watafiti walisikia wawindaji wa Rungwe wakimtaja. Jina walilompa ni lile lile la wenyeji. Sasa wawindaji wale, ambao ndio walioanza, tunawaambiaje kwamba mambo haya si ya kiwango chao?

Kwa hiyo naomba yafuatayo:

(a) Ndani ya miaka mitatu vitolewe vitabu kumi vya Kiswahili vya sayansi na viumbe kwa watu wazima. Mada za kuanzia ziwe za kwetu: silikanti, bamvua na mwezi, vyura wa Kihansi, nyoka wa mashambani, mbu, mchwa, pweza, mjusi wa Tendaguru, misitu ya Usambara, na nyayo za watu wa kale kule Laetoli. Tafsiri za vitabu vya nje nazikaribisha, ila zifuate baadaye.

(b) Nakala za kutosha za kila kitabu zinunuliwe kwa maktaba za mikoa na wilaya, na masanduku ya kuazimisha yafike vijiji vya wavuvi na wakulima.

(c) Kila anayepewa kibali cha kufanya utafiti wa viumbe au mali asili nchini, awe mgeni au mwenyeji, awajibike kuacha maelezo ya matokeo yake kwa Kiswahili chepesi, kurasa kumi zinatosha, na yahifadhiwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuyafikia. Ombi hili ndilo la gharama ndogo kuliko yote, na laiti lingekuwepo tangu zamani nisingeandika barua hii.

(d) Kabla mswada haujachapwa, usomwe kwa sauti mbele ya watu wasio wataalamu. Wanapopotea, urekebishwe.

(e) Majina ya viumbe ya wenyeji yakusanywe kutoka kwa wazee, wilaya kwa wilaya, haraka. Mwaka jana tumezika wazee wawili hapa mtaani waliokuwa wakijua samaki ambao mimi nawajua kwa picha tu.

(f) Nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 90. Hata jibu la "hatuwezi" nitalipokea, mradi lieleze sababu na litiwe sahihi.

Kwa upande wangu sikukaa bure. Baada ya jioni zile tatu, mzee wa Kigombe aliendelea kuja kila Ijumaa baada ya swala. Mimi naandika kwenye daftari, yeye ananisahihisha: majina ya mikondo, namna jarife linavyotegwa, rangi ya silikanti akiwa bado hai, ambayo picha za vitabuni haziioneshi sawasawa. Tumefika kurasa 86 za mwandiko wa mkono. Mkihitaji mswada huo, nitautoa bila malipo, kwa sharti kwamba jina la mzee liwe la kwanza kwenye jalada. Ijumaa ijayo tunaanza sura ya mapango.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi,
Tanga.